Barua ya wazi kwa waandaaji wa onyesho la mavazi Arusha: shoneni nguo ifuate mwili, msikate mwili ufuate nguo

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maandalizi ya Onyesho la Mavazi (jina nimeliacha kwa makusudi, mnajijua),
Arusha.

Nakala: wabunifu wa mavazi, wapiga picha, washereheshaji na wadhamini wote mnaofanya kazi hii Arusha na Moshi.

YAH: MIILI YETU KUWEKWA KWENYE BANGO NA KUFICHWA JUKWAANI

Mheshimiwa Mwenyekiti, shikamoo.

Naandika hii barua hadharani kwasababu ile njia ya kimya kimya nimeipita yote mpaka mwisho wake na haikunifikisha popote. Meseji ya kwanza nilikutumia siku mbili tu baada ya onyesho, nikaona tiki mbili za bluu, kimya. Nikatuma ya pili ndefu yenye maelezo yote, kimya. Nikaja ofisini mara mbili, mara ya kwanza nikaambiwa umesafiri uko Dar, mara ya pili nilikuona kwa macho yangu ukishuka kwenye gari, alafu dada wa mapokezi akaniambia bosi yuko kikaoni acha namba. Namba nikaacha. Na barua ya mkono nikaacha, kurasa mbili, nimeweka tarehe na sahihi. Sasa hivi unaenda mwezi wa nne. Kwahiyo naomba asiniambie mtu kwamba ningekuja tuongee kwanza kama watu wazima, nimekuja, mlango haukufunguliwa.

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Ngarenaro, naishi Sakina, kwetu ni Kiboriloni Moshi. Nimeshona nguo za watu kwa miaka tisa sasa. Mwili wangu ni mnene, kifua inchi 46, kiuno 41, nyonga 50, na nazitaja hizi namba bila aibu yoyote kwasababu kila siku naandika namba za watu kwenye daftari langu na hakuna hata moja iliyowahi kunichukiza. Namba inakuambia tu kitambaa ukikate wapi, basi.

Mlipotangaza mnatafuta wanamitindo wa miili yote nilikuwa kwenye kifodi, daladala zetu za huku, natoka soko la Kilombero kununua uzi. Mlisema wanene njooni, wembamba njooni, wafupi, wenye ualbino, wenye ulemavu, kina mama wenye michirizi ya uzazi, wote njooni mlivyo. Nilisoma lile tangazo mara tatu mpaka nikapitiliza kituo. Naomba mjue lilinifanya nini. Mimi nimekua naitwa bonge, tipwatipwa, shuleni nilikuwa nakaa nyuma kabisa kwenye picha ya darasa bila hata kuambiwa, nishazoea, nikiona kamera natafuta mtu wa kusimama nyuma yake. Na nikiwa na miaka thelathini na moja ndo kwa mara ya kwanza naona mtu ameandika njoo hivyo hivyo ulivyo. Nililia kidogo pale kwenye kifodi, konda akaniuliza sister vipi, nikamwambia hamna kitu.

Kwahiyo siandiki kama adui yenu. Wazo lenu lilikuwa zuri na mpaka leo naamini ni zuri. Ndo maana inauma hivi.

Malalamiko yangu ni haya:

1. NGUO HAIKUSHONWA KWA VIPIMO VYANGU

Wiki tatu kabla ya siku yenyewe alikuja msaidizi wa mbunifu kutupima sisi wote ishirini na wawili. Mimi nikamwambia kabisa mdogo wangu shika futi hivi usiilegeze, akaandika kwenye simu yake zile namba nilizotaja hapo juu, nikarudi kazini na amani yangu. Siku ya onyesho nafika chumba cha kuvalia nakuta gauni langu limetundikwa, kitenge cha bluu na njano, mshono mzuri kweli, kama fundi nililipenda hata kabla sijaligusa. Nikaligeuza nje ndani kama tunavyofanya mafundi. Nikaweka futi. Nyonga 43. Yani inchi saba pungufu, na ndani hamna hata kitambaa cha akiba, ovaloki imepita ukingoni kabisa, ukitaka kufumua hakuna pa kufumulia.

Tuliokuwa na miili minene tulikuwa wanne na wote wanne ilikuwa hivyo hivyo. Wale wengine kumi na nane zipu zao zilipanda.

Basi wakachukua kipande cha bitana nyeusi wakakipachika mgongoni pale zipu ilipoachia, kwa pini, kuanzia kwenye sidiria mpaka chini ya kiuno, alafu juu wakanitupia mtandio. Pini kumi na moja, nilizihesabu wakati nazitoa. Nikaambiwa ukifika mbele usigeuke, rudi kinyumenyume kidogo alafu upite pembeni. Jamani. Mwanamitindo kazi yake ni kugeuka. Watu wamelipa kiingilio waone nguo mbele na nyuma, wenzetu wanafika mbele wanazunguka gauni linapepea watu wanapiga vigelegele, sisi wanne tunatembea kama tumebeba ndoo za maji kichwani tukiogopa pini. Ya saba ikafunguka nikiwa katikati ya jukwaa ikanichoma, nikaendelea kutabasamu. Niliporudi nyuma mbunifu aliona tone la damu kwenye bitana akaniuliza hili doa ni la nini. Aliuliza kuhusu doa.

Hapa naomba niongee kama fundi kwasababu najua mtasema saizi kubwa ni ngumu. Kinachoshinda wengi ni uvivu wa kukata patani upya. Mtu mnene haongezeki sawa kila mahali, bega langu mimi ni la kawaida kabisa, kilichoongezeka ni kifua, mkono wa juu na nyonga. Sasa ukichukua patani ya mwembamba ukaipanua sawasawa kila upande, bega litaning'inia na kwapa litabana, alafu utasema tatizo ni mwili wa mteja. Unatakiwa uanze na bega, ushuke kifuani uongeze ile mikunjo ya chini ya matiti, mkono uuachie, nyonga uipe inchi mbili za kupumulia, na ndani kwenye mshono uache akiba ya kitambaa ili siku ikibana ufumue dakika kumi umemaliza. Mimi gauni la sendofu la mwanamke wa saizi yangu nalishona siku mbili pamoja na bitana. Nyie mlikuwa na wiki tatu na vipimo mkononi.

Na jukwaa letu la Arusha lilipaswa kujua hili kuliko la mtu mwingine yeyote, kwasababu nguo za huku kwetu hazijawahi kumuuliza mtu saizi. Kanga haina saizi. Shuka la Kimasai halina saizi. Bibi yangu mnene na mama yangu mdogo mwembamba kama fimbo walikuwa wanaazimana kanga ile ile.

2. PICHA YANGU ILIKATWA

Hili ndo lililonifanya nishindwe kulala kwahiyo mnivumilie nikiongea sana.

Picha mliyobandika kila mahali, ile nimesimama mbele ya mlango wa ukumbi, kiuno siyo changu. Mikono siyo yangu. Mtu yeyote mwenye macho akiangalia ule mlango ataona, mlango ni wa mbao zimesimama wima, lakini kwenye picha mbao mbili zilizo karibu na kiuno changu zimepinda zinaingia ndani kama zimelainishwa kwenye moto. Mmenivuta kiuno mpaka na mlango ukafuata. Alafu chini yake mmeandika tunathamini kila mwili.

Nilienda nayo nyumbani Kiboriloni wikiendi ile nikamwonyesha mama kwenye simu. Mama akaiangalia kwa muda mrefu, akaniuliza huyu ni nani. Nikamwambia mama ni mimi. Akasema kovu lako liko wapi. Mkono wangu wa kushoto nina kovu refu la uji wa moto, niliungua nikiwa na miaka saba, mama ndo aliyenibeba mgongoni kwa mguu mpaka hospitali akiwa na mimba ya mdogo wangu, lile kovu ni langu na ni la kwake pia. Akachukua pindo la kanga yake akaanza kufuta kioo cha simu. Alidhani kuna uchafu umelifunika. Alifuta, akaangalia, akafuta tena.

Mimi sikuwa na la kumwambia.

Sikuwahi kuomba kovu langu litolewe. Hakuna aliyeniuliza, na kwenye ile karatasi moja mliyotusainisha hakuna mahali pameandikwa kwamba mtabadilisha miili yetu. Kama mlitaka mwanamke mwenye kiuno 32 asiye na kovu wapo wengi na ni wazuri, mngempiga picha yeye, na yeye angefurahi na mimi ningebaki na kibanda changu. Lakini kunichukua mimi, kunisifia kwamba nimewapa wanawake wengine moyo, alafu kunipunguza ndo muwaonyeshe, hapo mnawaambia wanawake wenye mwili kama wangu kwamba hata yule tuliyemchagua hatukuweza kumvumilia alivyo. Wateja wangu watatu waliniambia umepungua unatumia nini na sisi tutumie. Mmoja ananyonyesha mtoto wa miezi mitano.

Na siyo mimi tu, yule binti mwenzetu mweusi mzuri kabisa kwenye picha ametoka maji ya kunde. Kwenye nchi ambayo vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku miaka na miaka na bado watu wanapakaa mkorogo kwa siri mpaka uso unababuka, nyie mnamchubua mtu kwa kompyuta.

3. MALIPO

Wenzetu walilipwa laki moja. Sisi wanne, pamoja na kaka mwenye mguu wa bandia na dada mwenye ualbino, tulilipwa elfu arobaini. Nilipouliza nikajibiwa nyie mnapewa nafasi ya kujulikana. Mazoezi yalikuwa siku tano kwa wote, nauli ya kutoka Sakina mpaka Njiro ni vifodi viwili kwenda viwili kurudi kwa wote, na kwa siku hizo tano mimi kibanda kilifungwa. Na mabango ya mjini yalikuwa na sura za nani? Sura zetu. Kiingilio kiliuzwa kwa sura zetu.

4. NJAA

Kuna binti wa miaka kumi na tisa anatoka Moshi, sitamtaja, yeye ni mwembamba, na watu wanadhani wembamba hawana shida kwenye hii kazi. Aliambiwa na mtu wa kamati yako apunguze inchi mbili za nyonga ndani ya wiki mbili la sivyo nafasi yake atapewa mwingine. Siku ya nne ya mazoezi alianguka. Nilikuwa nyuma yake, nilimdaka begani. Alikuwa hajala tangu jana yake mchana, anakunywa maji ya moto na limao tu. Nikamtuma kijana chai ya maziwa na maandazi mawili, mkono wake ulikuwa unatetemeka mpaka kikombe kinagonga meno. Msimamizi alipopita alisema mpelekeni pembeni asiwatie wengine woga.

Mwaka 2006 kule Brazil alikufa mwanamitindo anaitwa Ana Carolina Reston, miaka 21, alikufa kwa maradhi ya kujinyima chakula. Mwaka huo huo, hata kabla yeye hajafa, waandaaji wa maonyesho ya Madrid Hispania walikuwa wameshaanza kuwazuia wanamitindo waliokonda kupita kiasi kupanda jukwaani. Ni miaka mingi imepita tangu dunia ijifunze hilo kwa msiba. Sisi Arusha tusisubiri wa kwetu. Mtu anayesema anathamini kila mwili ajue mwili mwembamba nao ni mwili, una njaa, una kizunguzungu, una mama yake anayeusubiri nyumbani Moshi.

5. MSHEREHESHAJI

Nilipotoka jukwaani alisema kwenye kipaza sauti mafundi wa jukwaa kagueni mbao. Ukumbi ukacheka. Wa pili wetu alipotoka akasema huyu chakula cha wageni amekimaliza yeye. Kwa kaka mwenye mguu wa bandia sitaandika alichosema. Mwenyekiti ulikuwa umekaa meza ya mbele kabisa.

6. JUA NA NGAZI

Mazoezi ya siku mbili yalifanyika nje uwanjani kuanzia saa saba mpaka saa kumi, na mnajua mna mtu mwenye ualbino. Yule dada alikuja na mafuta yake ya jua ya KiliSun, yanayotengenezwa hapo hospitali ya KCMC Moshi kwa ajili ya watu kama yeye, saa moja tu na dakika kutoka hapa, akaomba asimame kwenye kivuli mpaka zamu yake ifike, akaambiwa asitake upendeleo. Kwa mtu mwenye ualbino jua la namna ile linaleta saratani ya ngozi, hicho ni kitu kila Mtanzania anatakiwa awe anakijua. Na ngazi za jukwaa hazikuwa na pa kushika. Kaka yetu alipanda ameegemea bega langu.

Najua mtakachojibu maana kipande kipande nishakisikia.

Mtasema wateja wanataka kuona wembamba. Wateja gani? Njooni mkae kibandani kwangu siku moja tu ya Ijumaa muone wanaoleta vitenge vya kushona, muone saizi zao. Wanaonunua nguo Arusha na Moshi ni kina mama wa vikoba, walimu, manesi, wafanyabiashara wa Kilombero na Kiboriloni, mama wa bwana harusi na mashangazi zake wote. Hao ndo wenye hela ya kushona. Na hao hawajawahi kuona gauni la mbunifu wa onyesho likiwa juu ya mwili kama wao likageuka. Alafu Watanzania sio watu wa kukataa kitu kipya kama mnavyotusingizia, mwaka 2007 Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe kule Mexico na kichwa kipara wakati kila mtu alikuwa na nywele za kubandika mpaka mgongoni, akaingia kumi bora, na nchi nzima ilimshangilia. Mimi nilikuwa shule nikawaona wasichana wananyoa kwa furaha.

Mtasema bajeti. Gauni la nyonga 50 mbele ya la nyonga 40 linaongeza mita moja na nusu ya kitenge, mbili likiwa na marinda mengi. Ndo gharama yenyewe hiyo. Mkitenga hela ya kumlipa mtu wa kukata viuno kwenye picha, hela ya mita mbili ipo.

Mtasema kila mtu anaediti picha siku hizi. Ufaransa tangu Oktoba 2017 picha ya tangazo ambayo mwili wa mwanamitindo umepunguzwa au umeongezwa lazima iandikwe kwamba imerekebishwa. Norway nao wakaweka sheria kama hiyo, ikaanza 2022. Hizo ni nchi ambazo nyie wenyewe mnazitolea mfano kila mkitaka kutuonyesha mitindo ilipofika, basi chukueni na hilo.

Na kuna hili moja ambalo linasemwa na watu wengi, wengine kwa nia njema kabisa, kwamba tukiwaweka wanene jukwaani tunahamasisha watu wanenepe wapate kisukari na presha. Nalijibu kwa heshima kwasababu baba yangu alifariki kwa kisukari, nalijua vizuri kuliko wengi wanaolisema. Mimi napima presha, napima sukari, natembea kutoka Sakina mpaka Ngarenaro asubuhi nyingi tu. Mambo ya afya yangu naongea na daktari, na daktari hajawahi kunitukana. Sijawahi kuona mtu aliyepona kisukari kwa kuchekwa kwenye kipaza sauti. Nilichokiona kwa macho yangu ni wanawake wanaoogopa kwenda kliniki kwasababu wanaogopa kupandishwa kwenye mzani mbele za watu. Wanaoona aibu kununua raba watembee jioni kwasababu vijana wa kijiweni watawapigia kelele. Mwili ambao mwenyewe anauonea haya hauangalii, hauchunguzi, anauficha tu mpaka uugue vibaya. Mtu akianza kujiona ni mtu kama wengine ndo anaanza na kujitunza. Hiyo ndo sababu mimi nilikuja kwenye onyesho lenu, na sikuja kumwambia mtu yeyote anenepe.

Wengine watasema mbona ulichukua hela na ukapanda jukwaani, ungekataa. Nilipanda kwasababu mama yangu alikuwa ametoka Moshi na kifurushi cha ndizi mkononi, amekaa safu ya nyuma, amevaa gauni nililomshonea, anasubiri kuniona. Nisingeweza.

Sasa ninachoomba, na naomba kwa niaba ya wote sita tuliolipwa pungufu na yule binti wa Moshi, wote wamesoma hii barua kabla sijaitoa na wamekubali.

Picha zetu zote zilizokatwa viuno na kufutwa makovu na kuchubuliwa ngozi zitolewe kila mlipoziweka, ndani ya siku kumi na nne, na ziwekwe zile za asili kama zilivyotoka kwenye kamera au zisiwekwe kabisa, na mtu aulizwe kwanza. Sipendi kutishana lakini nasema mjue, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kazi Mei 2023, inampa mtu haki ya kudai taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe au zifutwe, na tume yake ipo. Sura yangu ni taarifa yangu.

Tulipwe zile elfu sitini zilizobaki, kila mmoja wetu sita. Na kuanzia onyesho lijalo malipo yawe sawa kwa kazi sawa, kwenye mkataba wa maandishi unaosomeka, wa Kiswahili, mtu apewe nakala aende nayo nyumbani akasome kabla ya kusaini.

Mbunifu atakayeshindwa kushona kwa vipimo alivyopewa asipewe jukwaa. Nguo zijaribiwe wiki moja kabla, siyo saa moja kabla. Kama hana fundi wa saizi kubwa tuko hapa, Ngarenaro peke yake naweza kuwatajia mafundi watano.

Asiwepo mtu wa kumwambia mwanamitindo apunguze mwili, na siku za mazoezi kuwe na chakula. Wali maharage yanatosha, hatudai karamu. Mshereheshaji aelezwe kabla kwamba miili ya watu siyo kichekesho, akirudia ashushwe. Mazoezi ya nje yaanze baada ya saa kumi jioni au yawe chini ya turubai, na ngazi ziwekewe pa kushika.

Na msamaha. Yule binti wa Moshi aombwe msamaha na huyo aliyemwambia apunguze, ana kwa ana, mbele ya mama yake.

Haya yote nimeyapanga kwa namna ambayo yanawezekana, nimejiuliza kila moja kama ningekuwa mimi ndo mwandaaji ningeweza, na nimejibu ndiyo. Zikiisha hizo siku kumi na nne bila jibu nitapeleka malalamiko haya BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kwasababu maonyesho na mashindano ya aina hii yapo chini ya baraza hilo, na la picha nitalipeleka kwenye tume. Katiba yetu ibara ya 12 inasema kila mtu anastahili kuheshimiwa na kuthaminiwa utu wake, sijaona mahali ilipoandika kuanzia kiuno inchi ngapi.

Mwenyekiti, wewe kwangu ni sawa na baba mdogo, na siku ile ya kwanza ya usaili ulinishika mkono ukaniambia binti yangu usijifiche tena. Nililibeba lile neno mpaka nyumbani. Naomba ulikumbuke.

Kikao nipo tayari siku yoyote isipokuwa Jumapili, kibandani au ofisini kwenu, mkichagua ofisini mwambieni dada wa mapokezi jina langu analo. Nitakuja na daftari la vipimo, futi, na zile pini zenu kumi na moja, nimezitunza kwenye kopo la vifungo, nitazirudisha kwa mwenyewe.

Wako mtiifu katika kazi,

Fundi wa Ngarenaro
Kifua 46, kiuno 41, nyonga 50
Arusha